Dakika Nane Juu ya Kifua cha Marwa

Masalu wa Kalisti hakuuza pambano. Hakupewa pikipiki na mnunuzi wa dhahabu, hakuahidiwa kiwanja Geita, wala hakuna mtu aliyemwita pembeni kwenye chumba cha kubadilishia nguo akamnong'oneza neno. Pikipiki aliyoonekana nayo Ibadakuli, huko Shinyanga, wiki ya pambano ni ya bosi wake, kadi yake ina jina la bosi wake, na mwenye mashaka angeomba kuiona kadi kabla ya kufungua mdomo. Wala si kweli kwamba mama yake, Mwalimu Bernadina, alizimia ukumbini akabebwa na wanaume. Alisimama wima kuanzia raundi ya kwanza mpaka mkono wa mshindi ulipoinuliwa, miwani machoni, na aliona kila kitu. Aliona kila kitu na bado hakuelewa. Hilo ndilo la kweli, na kwa mwanamke aliyefundisha hisabati miaka thelathini na moja, kumi na miwili kati ya hiyo akiwa mkuu wa shule, lilikuwa gumu kulikubali kuliko kushindwa kwenyewe.

Watu wanaomsema Masalu hawamjui, kwa hiyo aelezwe. Ni mtoto wa pekee wa marehemu Kalisti, bwana mifugo aliyezunguka vijiji vya Shinyanga kwa baiskeli kwanza, kisha kwa pikipiki ya serikali, mpaka shinikizo la damu lilipomlaza kitandani na asiinuke tena. Kila likizo ya shule Kalisti alimchukua mwanawe kwenda naye kazini. Vijiji vingi wakati huo havikuwa na kibanio cha kumbania ng'ombe, kwa hiyo mnyama wa kuchanjwa kimeta au wa kuhasiwa aliangushwa kwa mikono. Masalu alijifunza kushika pembe na taya, kuzungusha shingo mpaka dume lipige magoti, kupitisha mkia chini ya paja na kuuvuta ubavuni, kisha kulalia bega lake lisiinuke. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa analaza dume peke yake huku wenye mifugo wakipiga miluzi. Baadaye alikwenda Geita, akawa fundi wa kuchomelea makarasha, yale ya kusagia mawe ya dhahabu, na jioni akawa anafanya mazoezi ya mieleka kwa Davis, kijana wa mjini mwenye ukumbi wa mazoezi nyuma ya stendi. Hanywi. Hana kesi. Alikuwa na mchumba, Juliana wa Chato, anayeuza kwenye duka la dawa, na washenga walikuwa wameshakwenda mara moja wakapokewa vizuri.

Pambano lenyewe lilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa wachimbaji na madalali. Ulikuwa mchezo ule wa kuchanganya: ngumi, mateke, viwiko, kabali na mieleka, ndani ya ulingo uliozungushiwa wavu. Raundi tatu, dakika tano kila moja. Majaji watatu, na kila raundi jaji humpa kumi aliyeishinda na tisa aliyeshindwa. Mpinzani alikuwa Marwa, mchimbaji wa Nyarugusu aliyekulia Tarime, mtu wa ngumi tupu, mabega kama mlango.

Raundi ya kwanza haikumaliza dakika moja kabla Masalu hajaingia chini ya ngumi za Marwa, akamkumbatia kiuno na kumlaza. Mwalimu Bernadina alipiga kofi moja tu, kavu, kama anayefunga mjadala. Masalu alilala juu ya kifua cha Marwa, bega limekaa shingoni, goti limekaa ubavuni, na Marwa akawa anafurukuta kama samaki. Wachimbaji hawakupenda.

"Waleteeni godoro!"

"Wee fundi, hiyo ni karasha au mkeo?"

"Mwamuzi, washike mkono hao, waende wakafunge ndoa!"

Marwa kwa chini alikuwa anarusha viwiko vifupi vifupi, na kimoja kilimchana Masalu juu ya jicho. Mwalimu aliiona damu, akaona ni jambo dogo. Mwanawe alikuwa juu. Raundi ya pili Marwa alimpiga ngumi mbili nzito na teke la paja kabla ya kulazwa tena, na tena akashikiliwa. Raundi ya tatu Masalu alimwinua, akamtupa, na safari hii akamshushia ngumi mpaka kengele. Bernadina alikuwa ameshaanza kutafuta mkoba wake aende kumpongeza, ndipo mtangazaji akasoma: jaji mmoja Masalu, majaji wawili Marwa.

Alipita katikati ya watu mpaka kwenye meza ya majaji. Walikuwa wameshaondoka wawili, amebaki mwanamke mmoja anakusanya karatasi.

"Ninyi mlikuwa mnaangalia nini?" alimuuliza. "Mlikuwa mnaangalia simu?"

Davis alifika mbio, jasho linamtoka. "Mama mkubwa, tulia. Majaji hawaulizwi hapa. Andika malalamiko."

"Nitaandika," alisema. "Kuandika najua."

Aliandika kurasa tatu. Hazikujibiwa. Akarudi Shinyanga akamwambia kila aliyemsalimia kwamba mwanawe ameibiwa mchana kweupe. Aliwaambia wanajumuiya baada ya sala, aliwaambia walimu wenzake wastaafu, alimwambia hata muuza mkaa. Akaonyesha video iliyopigwa kwa simu. "Tazama, huyu wa juu ni nani? Haya, huyu wa chini ni nani? Sasa nani ameshinda?"

Wiki ya pili alianza kusikia jibu. Halikusemwa mbele yake, lilisemwa akigeuka. Kama alikuwa juu muda wote huo na mikono yake mizima, mbona hakumpiga? Si bure. Kauza mechi yule. Kisha likaja la pikipiki, likaja la kiwanja, likaja la kuzimia kwake. Na mwisho ukaja ujumbe kutoka Chato, kwa baba yake Juliana, Mzee Pantaleo, ulioletwa na mshenga mwenyewe, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekalia moto: washenga wasije kwanza. Mzee hajakataa. Ila amesikia kwamba kijana ni wa kununulika, na mtu wa kununulika leo anauza pambano, kesho anamuuza mke.

Mwalimu Bernadina hakulia. Alichukua daftari, akaweka simu mbele yake na saa ya mkononi pembeni, akaitazama video ile kama anayesahihisha mtihani wa taifa. Alipima kila sekunde ambayo mwanawe alikuwa juu. Asubuhi iliyofuata alipanda basi la Geita na daftari lile kwenye mkoba.

Alikuwa na bahati, au alidhani ni bahati. Davis alikuwa ameandaa mafunzo ya majaji wapya, na mkufunzi wao alikuwa yule mwanamke wa karatasi. Jina lake Kudra, mtu wa Mwanza, mfupi, sauti ya chini.

"Shikamoo, mama," Kudra alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwibia mwanangu?"

Vijana waliokuwa kwenye mafunzo waliinamisha vichwa kwenye madaftari yao. Kudra hakucheka wala hakununa. "Mimi ni mmoja wa wawili tuliompa Marwa raundi ya kwanza na ya pili. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa." Alifungua daftari. "Raundi ya kwanza mwanangu alikuwa juu dakika tatu na sekunde arobaini. Ya pili, dakika mbili na sekunde hamsini. Ya tatu, dakika moja na sekunde thelathini na tano. Jumla dakika nane na sekunde tano. Marwa alikuwa juu sekunde ngapi? Sifuri. Unaikataa wapi hesabu hii?"

"Siikatai, mama. Hesabu ni sahihi."

"Basi?"

"Basi hilo silo swali tunaloulizwa. Tunaulizwa kwanza nani amemuumiza mwenzake, au nani amekaribia kulimaliza pambano, iwe kwa ngumi au kwa mieleka. Kumwangusha mtu ni kufungua mlango. Ukishaufungua, umeingia ndani ukafanya nini? Umempiga? Umemkaba? Umemkunja mkono? Wakiwa sawa kabisa hapo, ndipo tunatazama nani alikuwa anashambulia zaidi. Na wakiwa sawa na hapo pia, ndipo tunatazama nani alikuwa anatawala ulingo. Mwanao alilichukua la mwisho akaliacha la kwanza."

"Ninyi mnapenda ngumi kwa sababu wachimbaji wanapiga kelele. Mieleka hamuijui."

Kudra alisogeza kilemba chake nyuma ya sikio. Sikio lilikuwa limevimba na kujikunja kama uyoga mkavu. "Nimecheza judo miaka kumi na minne, mama. Sikio hili limeharibikia kwenye mkeka. Nilitamani yeye ashinde. Kila alipomlaza Marwa nilikuwa nasema moyoni, haya sasa, sasa, fanya kitu. Hakufanya."

Bernadina alikasirika zaidi. Kudra angekuwa mjinga, angemshughulikia. Wajinga alikuwa amewazoea. Huyu alikuwa anajibu. Kudra akafungua video ya pambano kwenye simu, akazima sauti, akaiweka mezani kati yao.

"Weka saa pembeni, mama. Mhesabie kila mmoja mapigo yaliyofika."

Alihesabu kwa sababu hakuwahi kukataa hesabu. Raundi ya kwanza, Marwa akiwa chini: viwiko na ngumi kumi na moja. Masalu akiwa juu: moja, na hiyo nayo ilikuwa ya kujishikilia kuliko ya kupiga. Kudra alisimamisha picha.

"Ona mkono huu wa kulia. Uko huru. Dakika nzima uko huru. Kijana mwenye nguvu zile, ngumi tatu tu zingetosha, raundi ingekuwa yake na labda pambano lingeisha pale pale. Ameuweka begani kwa Marwa kama anambembeleza alale." Akaigeuza simu kifudifudi. "Samahani kwa hili, mama. Wewe unawaonyesha watu dakika nane kuthibitisha ameibiwa. Wale wanaosema kauza wanaonyesha dakika hizo hizo."

Bernadina hakuaga. Alifunga daftari akatoka, na kule nje jua la Geita lilimpiga usoni akasimama akiwa hajui aelekee wapi. Mwezi mzima alikuwa akizunguka na video ile mkononi, nyumba kwa nyumba, akiwapelekea wasengenyaji ushahidi wao.

Karakana ya Masalu haikuwa mbali. Alimkuta amevaa miwani ya kuchomelea, kovu bado jekundu juu ya nyusi. Alipomwona mama yake alizima mashine na kufuta kiti kwa shati lake.

"Shikamoo, Mama. Mbona hukunipigia simu?"

"Marahaba. Mbona hukumpiga Marwa?"

Masalu alitazama wenzake. Wakasogea wenyewe, mmoja akisema anakwenda kununua sigara, na huyo havuti.

"Mama, hayo yameisha."

"Hayajaisha. Pantaleo amefunga mlango kwa sababu ya hayo. Nakuuliza mimi niliyekuzaa, na unitazame. Kuna mtu alikwambia usimpige?"

Masalu alivua miwani ya kuchomelea. Kisha akasema, "Ndiyo."

Bernadina alimsogelea. "Nani?"

"Baba."

Alitaka kumzaba kofi akidhani anamdhihaki. Lakini Masalu alikuwa anatazama viganja vyake.

"Marwa alikuwa ameshalala, Mama. Mimi nikishamlaza, mikono inajifunga yenyewe. Nasikia sauti kabisa. Mshike, usimuumize. Kocha amenipigia kelele mwaka mzima, piga, piga, na mazoezini najitahidi. Siku ile, watu wamejaa, nimechoka, nikarudi kule kule. Ile raundi ya tatu nilijilazimisha. Ndiyo niliyoshinda."

Bernadina hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwepo. Mara ngapi alikuwa amesimama kwenye maboma ya watu na kisanduku cha dawa mkononi, Kalisti akiwa na sindano au koleo la kuhasia, na mtoto wao amelalia bega la dume jeusi, vumbi mpaka kwenye kope! "Mshike, usimuumize, huyu ni mali ya mtu," Kalisti alikuwa akisema kila mara, kwa upole ule uliomfanya apendwe vijiji vyote. "Akishalala, kazi yako imeisha. Iliyobaki ni yangu." Mtoto akanyamaza, akashika, akasubiri baba aje na sindano. Na yeye Bernadina alimsifu. Alimwambia mbele ya watu kwamba mwanaume ni yule mwenye nguvu asiyeumiza.

Ukumbini hakukuwa na mtu wa kuja na sindano.

Alimkasirikia Kalisti, huko aliko, kwa mara ya kwanza tangu amzike. Akajikasirikia. Lakini hasira hizo mbili zilikuwa za nyumbani, na kulikuwa na nyingine ya kumalizwa kwanza.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nilimshika Marwa kama ndama wa chanjo? Watanicheka kuanzia hapa mpaka Kahama. Bora waseme nimeuza."

"Bora nini?"

"Mama..."

"Rudia! Bora waseme umeuza? Jina unalolitupa hapo chini kama kipande cha chuma si lako peke yako. Mtu ametembea nalo miaka hamsini na tisa bila doa, na mimi nalibeba mpaka leo. Ukichekwa utakufa? Wacha wacheke. Kicheko kitaisha. Wizi hauishi."

"Yule jaji je? Kwani si umesema wametuibia?"

Hilo lilimkata. Alilijibu akiwa anatazama pembeni. "Jaji hakukosea," alisema, na hakulisema kwa sauti kubwa.

Desturi inasema mama wa kijana haendi mwenyewe ukweni kutetea posa. Hutuma washenga, naye hukaa nyumbani akisubiri. Bernadina alilala Geita kwa mwanawe, na asubuhi akapanda basi la Chato peke yake. Mzee Pantaleo alimkuta amesimama uani, begi begani, kabla hajamaliza uji.

"Mwalimu," alisema, akiinuka. "Hapa hukupaswa kuja wewe."

"Najua. Ningetuma mtu angesahau nusu."

Akaletewa kiti barazani. Akakaa, akakataa chai, akaeleza. Alieleza raundi kwa raundi, pigo kwa pigo, bila kumpunguzia mwanawe aibu hata moja. Alieleza majaji wanatazama nini na kwa nini kumkalia mtu bila kumfanya lolote hakumpi mtu raundi. Alieleza kibanio kisichokuwepo, dume jeusi, sauti ya Kalisti. Pantaleo alimsikiliza, kidevu kimekaa juu ya fimbo.

"Kwa hiyo kijana hakuibiwa."

"Hakuibiwa."

"Wewe mwenyewe ulikuwa unasema ameibiwa. Lilifika mpaka huku."

"Nilisema. Nilikosea."

"Alishindwa kihalali?"

Kulikuwa na wanawake wawili wanapepeta mahindi pale uani, na mikono yao ilikuwa imesimama. Bernadina alisubiri mpaka akawa na hakika nao wanasikia.

"Alishindwa kihalali. Hakununuliwa, hakuuzwa, hakulegea kwa woga. Alishindwa kwa sababu alilelewa kutomuumiza aliyekwisha kulala, na waliomlea ni mimi na baba yake. Ukitaka kumnyima binti kwa hilo, mnyime kwa hilo. Kwa lile lingine, hapana."

Mzee alikohoa, na ikachukua muda kujua kwamba anacheka. "Mwaka wa chanjo vijana wa bwana mifugo wetu walimvunja mtamba wangu mbavu mbili," alisema. "Mbili! Nikawauliza, ninyi wa kwenu hawakuwafundisha kushika? Na sasa nimnyime binti kijana aliyefundishwa kushika?" Akapangusa macho. "Washenga waje Jumapili, baada ya misa. Na huyo kijana aje mwenyewe, nimwone hilo jicho."

"Atakuja."

"Ila jambo moja, Mwalimu. Neno hili la kuuza halikuanzia Geita. Nimesikia limetokea huko huko kwenu, ndani ya ndugu wa marehemu. Limetokea kwa nani?"

Jina alikuwa analijua. Alilijua tangu wiki ile ya pili, na alijua pia lilisemwa mezani kwa nani, na nani alicheka.

"Hilo silisemi," alisema.

"Tunataka kuwa ndugu. Ni haki yangu kujua naungana na watu gani."

"Ya mwanangu nimekwambia yote, hata yanayonichoma, kwa sababu yalikuwa yangu kuyasema. Hilo si langu wala si lako. Sitalisema leo, sitalisema Jumapili, wala siku ya harusi. Usiniulize tena."

Akasimama, akachukua begi lake, akaagana na wanawake wa mahindi kila mmoja kwa mkono, akaenda kusubiri basi. Na wale watakaosoma hapa wakitafuta jina hilo, halimo, na hakuna atakayeambiwa.